Safu ya Nyuma: Kibofu, Stelingi na Majina ya Mwisho

Kwa wanaoingia leo: mimi si mhakiki. Sijasomea kamera na sijawahi kukanyaga zulia jekundu. Nanunua tiketi kama wewe, nakaa kiti cha pembeni kabisa kwenye safu ya nyuma kwa sababu goti langu la kushoto halipendi kukunjwa, na nikitoka naandika nilichoona kabla sijakisahau. Barua za mwezi huu zimezidi nafasi. Za kunisifu nimezihifadhi nyumbani. Tuanze na za kunisuta.

*Mzee wa Safu, shikamoo. Toleo lililopita uliandika kwamba kati ya "wale ndugu wawili" walioigiza mapacha kwenye Sinners, mmoja anamzidi mwenzake kipaji. Mzee wangu, wale si wawili. Ni mtu mmoja. — Mjukuu wa Hiari*

Marahaba, mjukuu. Nimefumaniwa. Nilikaa saa 2 na dakika 17 nikiamini kwamba Michael B. Jordan ana ndugu yake wa kweli, na nikajiuliza mbona huyo ndugu hatumuoni kwenye filamu nyingine. Hakuna aliyenisahihisha njiani maana nilikwenda peke yangu.

Lakini nitetee macho yangu kidogo. Kuna mahali mwanzoni mapacha wale, Smoke na Stack, wamesimama wakimsubiri mtu anayewauzia jengo, na mmoja anampa mwenzake sigara. Sigara inatoka mkono huu inaingia mkono ule, moshi unafuata, kamera haikwepi. Mtu wa kawaida akiona kitu kimepokewa mkono kwa mkono, anaamini kuna mikono ya watu wawili. Hata sasa ninapojua, bado sijui walifanyaje. Zamani mwigizaji akicheza pacha ulikuwa unaona kabisa mmoja yuko kulia, mwingine kushoto, na katikati kuna mstari usioruhusiwa kuvukwa. Hapa wanavuka wapendavyo.

Msimamo wangu haujabadilika. Yule anayevaa bluu, Smoke, anaigiza vizuri kuliko yule anayevaa nyekundu. Kumbe huyo bwana kajishinda mwenyewe.

*Mzee, na mimi nimeona Sinners, lakini majina yalipoanza kupanda niliondoka kuwahi usafiri. Sasa kazini wananicheka, wanasema nimeona filamu nusu. Halafu nieleze: mbona katikati picha ilipanuka juu na chini? Nilidhani fundi amekosea. — Aliyewahi Kutoka*

Wanaokucheka wana haki, ingawa wangeweza kukucheka taratibu. Majina yanapoanza kupanda kuna kipande kizima cha hadithi, si utani wa sekunde kumi. Tunapelekwa Chicago mwaka 1992, miaka 60 baada ya usiku ule wa Mississippi, na anayekaa pale na gitaa ni Buddy Guy, mpigaji blues wa kweli aliyezaliwa mwaka 1936. Nani anamtembelea, hilo rudi ukalione mwenyewe. Na mwisho kabisa, wafagiaji wameshaingia, kuna kingine kifupi. Sisi tuliobaki tulikuwa watano, pamoja na mfagiaji aliyeegemea ufagio wake akatazama mpaka mwisho.

Kuhusu picha kupanuka, fundi hana kosa. Sehemu kubwa imepigwa kwa umbo refu la ulalo, ambapo kwa kila mita 1 ya kimo upana ni mita 2.76. Ni umbo la dirisha la basi. Kisha sehemu fulani zimepigwa kwa mkanda wa IMAX, ule wa skrini kubwa mno, ambao kwa kila mita 1 ya kimo upana wake ni mita 1.43 tu, yaani karibu mraba, kwa hiyo kwenye kumbi zenye skrini hizo picha inapanda mpaka darini. Aliyeshika kamera ni mama, Autumn Durald Arkapaw, mwanamke wa kwanza kupiga filamu kwa mkanda huo mkubwa. Mwongozaji Ryan Coogler hakupanua ovyo ovyo. Jaribu kukumbuka picha ilipopanda hadithi ilikuwa wapi.

Mimi nakumbuka mahali pamoja. Kijana Sammie anaimba kwenye ukumbi wao wa muziki, watu wanacheza, na polepole unagundua waliomo ndani wamezidi. Kuna mpiga ngoma wa enzi za mababu. Kuna wa gitaa la umeme ambalo mwaka 1932, mwaka wa kisa chenyewe, lilikuwa bado halijaenea. Kuna anayesugua sahani za santuri. Kuna wachezaji wenye mavazi ya opera ya Kichina, maana wenye duka wa mji ule ni Wachina na wao pia wana mababu. Hakuna anayeshangaa kumwona mwenzake. Paa linashika moto na bado wanacheza. Goti langu lilinyamaza kimya, na goti langu, kama mtakavyoona hapa chini, halinyamazii kila mtu.

*Mzee, hivi waongozaji siku hizi wanalipwa kwa dakika? Nina miaka 58 na kibofu chenye msimamo wake. Kwenye Oppenheimer nilitoka mara mbili, na mara zote mbili niliporudi niliwakuta watu wale wale wakibishana kwenye chumba kile kile, ila kila mtu ameshakasirika. Nilikosa nini? — Kibofu Huru*

Ndugu yangu, kwanza hakikuwa chumba kimoja. Ndiyo maana ulichanganyikiwa. Kuna chumba kidogo cha mwaka 1954, cha rangi, ambamo Oppenheimer, mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, anahojiwa mpaka anavuliwa kibali chake cha kuingia kwenye siri za serikali. Na kuna ukumbi mkubwa wa mwaka 1959, hauna rangi, ambamo Lewis Strauss, mkubwa wa serikali aliyewahi kusimamia nishati ya atomiki, anahojiwa na Baraza la Seneti akitaka uwaziri. Ya rangi ni kwa macho ya Oppenheimer, nyeusi na nyeupe ni kwa macho ya Strauss. Ukishika hilo tu, filamu nzima inanyooka. Ulichokosa ni kujua nani alimchimbia mwenzake shimo, na sikuambii, maana Robert Downey Jr., anayemwigiza Strauss, alipata Oscar kwa kutuficha hilo kwa muda mrefu kiasi kile.

Sasa dakika. Oppenheimer ni 180. Dune: Part Two ni 166. One Battle After Another ni 162. Killers of the Flower Moon ni 206 bila huruma. The Brutalist ni 215, lakini ile walau ilikuwa na adabu: katikati wameweka mapumziko ya dakika 15, yamo ndani ya filamu yenyewe, picha ya familia imetulia kwenye skrini na saa inahesabu kurudi nyuma. Sijawahi kuona ukumbi mzima ukinyanyuka kwa furaha namna ile. Wanaume wazima wakikimbia. Tukarudi kila mtu na uso mpya, tukakaa saa nyingine na nusu na zaidi bila kunung'unika. Tangu hapo sielewi kwa nini wengine hawafanyi hivyo.

Lakini sikubaliani nawe kwamba urefu ndio kosa. Mimi sitazami saa, nasikiliza goti. Kwenye Mission: Impossible – The Final Reckoning, yenye karibu dakika 170, goti lilianza kulalamika kabla ya nusu saa ya pili kwisha. Watu wanaeleza. Wakimaliza kueleza, anaingia mwingine anaeleza walichoeleza, na katikati wanatukumbusha vipande vya filamu saba zilizopita tangu mwaka 1996, kama vile tuna mtihani. Halafu Tom Cruise anaingia majini kwenye nyambizi iliyozama, hakuna maneno kwa muda mrefu, na goti likalala. Baadaye ananing'inia kwenye ndege ndogo ya mabawa mawili, mashavu yanapepea kwa upepo kama bendera, na nikasamehe karibu yote. Ile filamu ingekuwa na dakika 110 ningeiita bora ya mwaka.

Sasa linganisha na One Battle After Another ya Paul Thomas Anderson. Ndefu karibu vile vile. Leonardo DiCaprio ni mpiganaji mstaafu aliyechakaa, amevaa joho la kulalia, anapiga simu kuomba msaada kwa wenzake wa zamani, na hawezi kukumbuka neno la siri. Basi. Hicho ndicho kisa kwa dakika nyingi, mtu amesahau nywila. Ukumbi mzima tulicheka kicheko cha waliokwisha kufungiwa akaunti. Na kuelekea mwisho kuna barabara, nyoofu lakini yenye vilima, inapanda inashuka, inapanda inashuka, gari moja linafuata lingine. Kamera iko chini karibu na lami. Ukiwa bondeni huoni chochote, ukifika kileleni unaona gari la mbele kwa nukta moja, kisha linamezwa tena. Hakuna risasi wala mlipuko. Nilijikuta nanyoosha shingo kuchungulia nyuma ya kilima, kama vile skrini ina nyuma yake. Niliposimama mwisho ndipo nikakumbuka kwamba nina goti.

F1, ile ya mbio za magari, nayo ni dakika 155, na mwisho wake nilikuwa nimeubashiri tangu kwenye trela. Haikudhuru. Kamera zimefungwa kwenye gari, Brad Pitt anaendesha kweli, na viwanja ni vya mashindano ya kweli yaliyokuwa yakiendelea wikiendi ile ile. Mtu akijua chakula kitakuwa nini hakosi njaa.

Kwa kibofu nina ushauri mmoja tu wa uzoefu. Usitoke pale muziki unaponyamaza ghafla. Toka pale mtu anapofungua ramani mezani akasema, "Tusikilizane." Una dakika nne.

*Mzee, Conclave ni ya makadinali wazee kupiga kura ya kumchagua Papa tu. Kweli niende? — Mvivu*

Nenda. Nimeona filamu za vita zenye wasiwasi mdogo kuliko karatasi ya kura inavyokunjwa pale. Halafu sikiliza Ralph Fiennes anavyopumua.

*Shikamoo Mzee. Mwanangu ana miaka sita, hawezi bado kusoma maandishi ya chini ya picha, na Kiingereza cha haraka kinampita. Katika katuni ulizoziona miaka hii miwili, ipi ingemfaa? Na ipi nimwepushe? — Mama wa Mmoja*

Marahaba, mwanangu. Ningekuwa na kura moja ningeipa Flow. Haina neno hata moja, si la Kiingereza wala la lugha nyingine. Ni paka, maji yamefurika dunia yote, anaokoka kwenye mashua pamoja na mbwa, kapibara anayesinzia kila mara, lemuri mwenye tamaa ya vyombo, na ndege mkubwa mweupe wa miguu mirefu. Paka analia kama paka, mbwa anabweka kama mbwa. Imetengenezwa Latvia na kikundi kidogo kinachoongozwa na Gints Zilbalodis, kwa programu ya kompyuta ambayo mtu yeyote anaipakua bure, Blender. Mwezi wa tatu mwaka 2025 ikazipita katuni za makampuni makubwa na kuchukua Oscar, ya kwanza kwa nchi ile. Na ni dakika 85. Kibofu Huru anisikie.

Siku niliyoitazama, mbele yangu alikaa mtoto wa umri kama wa mwanao. Kwa kuwa hakukuwa na maneno, aliona ni kazi yake kuyaweka. "Paka hataki maji." Kimya. "Sasa paka anataka samaki lakini hataki maji." Kimya kirefu. Kisha, paka alipojitosa mwenyewe kwa mara ya kwanza: "Ee! Ameamua." Mama yake akamwambia nyamaza. Mimi nilitaka kumlipa.

The Wild Robot nayo ni nzuri sana, na roboti mwenyewe, Roz, sauti ni ya Lupita Nyong'o. Hebu sikiliza sauti hiyo inavyoanza baridi kama tangazo la kituo cha treni, kisha filamu inavyosonga inapata joto tone kwa tone, mpaka mwisho husikii tena roboti. Lakini jiandae. Kisa kinaanza kwa roboti kuangukia kiota na kuua familia nzima ya bata bukini, likabaki yai moja, naye ndiye analea kitoto kinachototolewa. Mwanao atakuuliza maswali njiani kurudi. Sisemi usimpeleke. Nasema uwe na majibu.

Inside Out 2 mngoje kidogo. Haina la kutisha, ila msichana mwenyewe ana miaka 13 na mgeni anayevamia kichwa chake ni Wasiwasi, kiumbe cha rangi ya chungwa kinachozunguka kama kimbunga pale msichana anapokosa pumzi kwenye benchi la waliotolewa uwanjani. Mtoto wa miaka sita ataona rangi tu. Wazazi ndio niliowaona wakifuta macho, na baba mmoja akijifanya ni mafua.

*Mzee wa Safu, nilikaa saa mbili na dakika arobaini nikitazama Wicked. Yule dada wa kijani anapaa, anaimba, koti linapepea, halafu giza: itaendelea. Nilidhani umeme umekatika. Kwa nini hawakutuambia? — Niliyeachwa Hewani*

Walikuambia, ila kwa sauti ya chini. Matangazo yote yaliandika Wicked peke yake. Ukiingia ndani, baada ya mlango kufungwa, ndipo skrini inaandika kwamba hii ni sehemu ya kwanza. Dune ya mwaka 2021 ilifanya vivyo hivyo. Spider-Man: Across the Spider-Verse ya mwaka 2023 ikakatisha hadithi mahali ambapo ukumbi mzima tulisema "Aa!" kwa pamoja, kama watu waliofungiwa goli dakika ya 90.

Ila kwa Wicked nina utetezi. Ile ni tamthilia ya jukwaani, inachezwa Broadway tangu mwaka 2003, na wimbo ule wa kupaa ndio unaofunga nusu ya kwanza kabla ya mapumziko. Wamekata pale pale jukwaa linapokata. Tofauti ni kwamba jukwaani unanyoosha miguu dakika 15 unarudi, na hapa mapumziko yalianza tarehe 22 Novemba 2024 yakaisha tarehe 21 Novemba 2025. Mwaka mzima mtu yuko hewani na ufagio.

Kama ulikasirika kwa sababu ulikuwa unataka kuendelea, hilo mimi naliita sifa. Cynthia Erivo, yule dada wa kijani mwenyewe, aliimba kweli mbele ya kamera, si kufumbua mdomo juu ya sauti iliyorekodiwa jana, na inasikika: pumzi inakatika mahali pumzi ya mtu inapokatika. Kilichonichosha ni mwanga. Kila dirisha lina jua nyuma yake, kila mtu anang'aa pembeni, na nguo zile zote nzuri zinaonekana kama zimefuliwa mara nyingi mno. Hilo hawakuhitaji mwaka kulirekebisha.

*Mzee, nilimpeleka mchumba wangu kuona Weapons ili aogope anishike mkono. Nikapiga yowe mimi. Yeye akacheka mpaka mwisho. Nifanyeje? — Aliyeaibika*

Oeni haraka. Nyumba inahitaji mmoja asiyeogopa.

Na huyo binti hakukosea kucheka. Kisa kinatisha: saa nane na dakika kumi na saba usiku, watoto 17 wa darasa moja wanafungua milango ya nyumba zao na kukimbilia gizani, mikono imetanuka pembeni kama mabawa, na asubuhi mwalimu anamkuta mwanafunzi mmoja tu. Kisha tunakipitia kisa kile kile kwa mwalimu, kwa baba wa mtoto mmoja, kwa polisi, kwa mwizi mdogo, kila mmoja akiongeza kipande. Dakika za mwisho zimetengenezwa ili ucheke na kupiga yowe kwa pumzi moja. Nyinyi wawili mligawana kazi.

*Mzee, sisi tulikua tukijua stelingi hafi na hapigwi mpaka karibu na mwisho. Superman wa mwaka 2025 nimeingia tu nikamkuta kwenye theluji, damu mdomoni, anamwita mbwa aje kumburuta nyumbani. Huyu ni stelingi gani? — Mshabiki wa Zamani*

Na mimi nililelewa na sheria hiyo hiyo, ndugu yangu. Kaka zetu waliokuwa wakitutangulia kwenda sinema walitusimulia filamu nzima kwa ahadi moja: adui atapiga, atapiga, lakini stelingi ataamka. Kwa hiyo nami nilishtuka. Lakini jiulize, angeanza akiwa mzima, ungeogopa nini kwa saa mbili? Mtu asiyeumia hana kisa. James Gunn ametuokoa pia na mambo mengine: hatukurudishwa tena kuona sayari ikilipuka na kitoto kikitua shambani. Tumeshaona hilo. Anadhani tunalijua, na tunalijua.

Mbwa nisingemgusa. Mbwa yule hana adabu, anamrukia bwana wake aliyevunjika mbavu kama vile anamwalika kucheza, na ndicho kitu cha kweli kuliko vyote mle ndani.

*Mzee, naomba useme bila kuficha: kwa nini nisingoje ije nyumbani? Baada ya miezi michache zote zinafika. Nyumbani nasimamisha nikitaka, naenda chooni, narudi. — Mwenye Rimoti*

Kusimamisha ndiko tatizo. Conclave niliiona ukumbini, kisha Papa Francis alipofariki tarehe 21 Aprili 2025 nikataka kuiona tena, kama walivyotaka watu wengi siku zile, nikaiwasha nyumbani. Nikasimamisha kujibu ujumbe. Nikasimamisha kwa sababu nilidhani mlango umebishwa. Nikasimamisha kuangalia yule kadinali nilimwona wapi. Dakika 120 zikawa jioni nzima, na ile karatasi ya kura iliyokuwa inanikosesha pumzi ikawa karatasi. Filamu ilikuwa ile ile. Aliyebadilika ni yule aliyepewa uwezo wa kuinyamazisha.

Sinema ni kama kusimuliwa na mtu asiyejali kwamba umechoka. Sina hoja nyingine kubwa kuliko hiyo. Skrini kubwa ni nzuri, na kiti kinachotetemeka Paul anapompanda mnyoo wa mchangani kwenye Dune: Part Two ni kizuri zaidi, lakini jirani yangu ana televisheni inayotisha na bado namwona akipiga miayo.

*Mzee wa Safu, la mwisho na zito. Wenye simu ukumbini wafanywe nini? Na wale vijana waliopiga kelele na kurusha bisi kwenye A Minecraft Movie? — Nimechoka*

Vijana waache. Nilikuwepo. Kuna mahali zombi mtoto anatokea amempanda kuku, Jack Black anatamka maneno mawili ambayo kila kijana mle ndani alikuwa ameyasubiri tangu atoke kwao, na ukumbi ukalipuka. Bisi zilinifikia safu ya nyuma. Sikusikia mistari iliyofuata, na baadaye nikaambiwa sikukosa kitu. Ile filamu bila zile kelele ni kukaa tu gizani na watu wazima waliovaa masanduku. Wenye kustahili pole ni wafagiaji peke yao.

Simu ni habari nyingine, na hapa naona niseme. Mwaka 2023 niliandika kwenye safu hii, kwa hasira, juu ya mtu ambaye simu yake ililia kwenye Oppenheimer, pale pale bomu la majaribio linapolipuka. Wengi mkaniunga mkono. Mmoja akapendekeza afungiwe maisha.

Alikuwa mimi. Vidonge vya goti nilikuwa nameza saa tatu kamili usiku na niliweka kengele nisisahau. Filamu ilianza saa moja. Sikupiga hesabu kwamba Christopher Nolan angefika jangwani saa tatu. Mnakumbuka pale palivyo: wanahesabu, fidla zinapanda, kisha mwanga unajaa na sauti yote inakatwa. Moto unapanda bila mlio, unasikia mtu anapumua tu. Na ndani ya kimya hicho, mfukoni mwa suruali yangu, kengele ya jogoo.

Simu ilikuwa mfuko wa kushoto, chini ya goti lisilokunjika. Nikasukuma mkono, haufiki. Jogoo akawika tena. Kijana wa safu ya mbele akageuka polepole, uso wake wote umemulikwa rangi ya chungwa na ule moto, akanitazama, hakusema neno. Tukatazamana hivyo. Jogoo akawika mara ya tatu, ndipo kishindo cha bomu kikafika na kutufunika sote, nikapata nafasi ya kusimama na kuitoa.